Tundu la mchwa na vipande mia mbili vya akiba

Daftari la bibi lina jalada la kijani lililopauka, na kwa miaka mingi lilikaa kwenye kidaka cha ukutani, nyumbani kwetu Mkomani, nyuma ya birika la shaba lisilotumika tena. Aliyekulia Lamu anazijua kuta za matumbawe. Hunyonya chumvi na unyevu kimya kimya, na chokaa ikianza kumung'unyuka, mchwa huwa wameshapata njia. Siku tulipolitoa daftari tulikuta tundu limeanzia kwenye jalada la nyuma likapenya kurasa kumi na tatu, kama lililopigiliwa msumari.

Bibi alikuwa mtunzi wa tenzi za harusi. Aliandika kwa herufi za Kiarabu, kwa wino wa buluu, beti nne katika kila ukurasa. Nilimpelekea daftari ami yangu, ambaye ujanani alihesabu boriti pale ufukoni zikishushwa na mashua, na ambaye mpaka leo huisoma khati ile haraka kuliko mimi ninavyosoma ujumbe wa simu. Akaketi barazani, akalifungua kwa kidole gumba, akaanza kunisomea huku mimi naandika. Tulikwenda vizuri mpaka tukafika hapa:

Bahari ikichafuka
Na tanga . . . . .
Nahodha hatatoroka
Chombo kitarudi kwao

"Ami, hapa pameliwa."

"Naona. Lakini njoo utizame." Akaanza kuhesabu kwa vidole. Utenzi una mizani nane kila mshororo. "Na tanga" imeshachukua tatu, zimebaki tano. Kina cha mishororo mitatu ya kwanza ni "ka", kwa hiyo neno lililoliwa linaishia na "ka". Na kwa kuwa linasemwa tanga, lazima lianze na "li". Bahari "ikichafuka", basi na tanga nalo liki-fulani. Akatabasamu. "Likipasuka."

Nikaandika. Kisha akaninyamazisha kwa mkono. "Au likikatika. Au likianguka. Zote zinaingia."

Tulikaa pale muda mrefu. Mtunzi aliyekuwa akitia vina na mizani alikuwa, pamoja na kutafuta utamu wa sikio, anaacha ndani ya shairi habari za ziada kuhusu shairi lenyewe. Ukipoteza neno, yale yaliyobaki yanashuhudia lile lililokosekana. Mashahidi hao hawakutwambia ni neno gani hasa, lakini walitutoa kwenye maelfu ya maneno ya Kiswahili wakatufikisha kwenye matatu. Tungekuwa na shahidi mmoja zaidi, tungelipata lenyewe.

Na shahidi huyo alikuwapo. Bibi aliwahi kughani utenzi ule harusini na mtu akamrekodi. Zilikuwa kanda ishirini na tatu kwa jumla. Nilizihamishia kwenye kompyuta Ramadhani moja, usiku baada ya tarawehe, redio ya kanda ikiwa imeunganishwa kwa waya na kompyuta yangu ya dukani. Kanda ya saa moja, ukiitunza bila kuibana, kwa kiwango kile kile cha CD, hula kama megabaiti 635. Nikaona nimefanya kazi ya maana. Nikaziweka kwenye diski, na baadaye nikanunua diski ya pili nikanakili humo yote. Kanda zenyewe nikazirudisha kabatini, zikaota kuvu. Kanda ya saba nilipojaribu kuipiga tena ilikatika vipande viwili.

Jioni ile baada ya kutoka kwa ami nilifungua faili la kanda ya saba. Sauti ya bibi ikaja, na nyuma yake vigelegele na punda mmoja akilia mbali. "Bahari ikichafuka, na tanga..." Kisha kimya. Si kimya cha mtu kuvuta pumzi, kwa sababu hata mvumo wa kanda ulikuwa haupo. Sekunde tisa. Kisha bibi akarudi akiwa ameshaingia ubeti wa pili.

Nikakimbilia diski ya pili. Kimya kile kile, mahali pale pale.

Nilipochunguza niliona lililotokea. Diski ya kwanza ilikuwa imepata madoa, sehemu ambazo hazisomeki tena. Programu niliyoitumia kunakili ilipofika kwenye doa iliruka, ikajaza sifuri, ikaendelea, na mwisho ikanionyesha kuwa kazi imekamilika. Kwa hiyo nakala yangu ya pili ilikuwa nakala nzuri sana ya uharibifu. Faili lile moja lilikuwa na matundu kumi na moja. Mengine hayakufika hata sekunde, na kubwa kuliko yote ndilo lililomeza ubeti wa tanga.

Nilikasirika kwa siku kadhaa, kisha nikaanza kusoma. Ninayoyaandika hapa ndiyo ningetamani kuambiwa na mtu usiku ule wa Ramadhani, kabla sijachomoa waya.

Kuna namna ya kulinda data ambayo si kunakili. Unalichukua faili lako likiwa zima, unaiambia programu ilitazame lote na iandike pembeni maelezo ya ziada, tuseme asilimia 10 ya ukubwa wake. Maelezo hayo ukiyasikiliza hayasikiki chochote, si sauti wala si picha. Lakini siku faili likiharibika, programu huyatumia pamoja na yale yaliyosalimika, ikakuundia upya yaliyopotea, biti kwa biti. Jambo la msingi ni kwamba maelezo yanaandikwa kabla ya ajali, kwa hiyo ajali ikitokea huhitaji kumrudia mwenye asili kumuomba akutumie tena. Mtunzi amekwisha kufa, kanda imekwisha kukatika, lakini jibu liko.

Nilipomwelezea ami hakunielewa mpaka nilipoacha maneno ya kompyuta nikachukua boriti. Nikamwambia, ami, tuseme una mafungu matatu ya boriti ufukoni: 7, 4 na 9. Jumla?

"Korija moja." Korija ni ishirini, boriti hapa zimehesabiwa hivyo tangu zamani.

Sawa. Unaandika 20 kwenye karatasi. Usiku maji yanachukua fungu moja. Asubuhi unakuta 7 na 9. Lililokwenda lilikuwa la ngapi? "Nne," akasema mara moja. Basi ile 20 ndiyo akiba. Hukuweka mafungu mengine matatu ya kufanana na yale kule ghalani. Umeweka namba moja tu, nayo inaweza kulitibu fungu lolote litakalokwenda, liwe la kwanza, la pili au la tatu.

"Na yakichukua mawili?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Ukiwa na namba moja ya akiba na mafungu mawili yameondoka, umekwama, kama sisi na tanga letu. Kwa hiyo unaandika namba ya pili, ya hesabu tofauti: fungu la kwanza mara moja, la pili mara mbili, la tatu mara tatu. Yaani 7, na 8, na 27. Jumla 42. Sasa maji yachukue fungu la kwanza na la tatu, ubaki na 4 peke yake. Kwenye 20 toa 4, unajua mawili yaliyopotea yalikuwa 16. Kwenye 42 toa 8, unabaki na 34, ambayo ni la kwanza mara moja na la tatu mara tatu. Toa ile 16 kwenye 34, unapata 18, nayo ni la tatu mara mbili. La tatu ni 9. La kwanza ni 7. Ami aliirudia mwenyewe kwa kalamu ya risasi nyuma ya kalenda, mara mbili, na mara ya pili akabadilisha namba kuona kama nimemdanganya.

Ukitaka kustahimili kupotea kwa mafungu mia mbili, andika namba mia mbili za akiba, kila moja ya hesabu yake. Hilo ndilo wazo la Irving Reed na Gustave Solomon, waliokuwa Lincoln Laboratory, maabara ya chuo cha MIT kule Marekani, na makala yao ya mwaka 1960 ilikuwa ya kurasa tano tu. Walichoongeza juu ya boriti zetu ni kwamba hesabu ifanyike ndani ya ulimwengu mdogo wa namba zenye mwisho, ambamo ukijumlisha, ukatoa, ukazidisha au ukagawanya hutoki nje, ili namba za akiba zisivimbe zikawa kubwa kuliko mzigo wenyewe. Miaka 10 kabla yao Richard Hamming wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, alikuwa ametoa mbinu yake, baada ya kuchoshwa na kompyuta iliyokuwa ikigundua kosa mwishoni mwa juma, wakati hakuna mtu wa kuihudumia, ikaitupa kazi yake. Aliona kwamba mashine inayoweza kujua kuna kosa ifundishwe pia kujua liko wapi na kulisahihisha.

Hesabu ya Reed na Solomon imekuzunguka bila wewe kujua. CD zilipoingia sokoni mwaka 1982 zilikuwa nayo, ndiyo sababu CD ya tarabu iliyokwaruzwa huweza kuimba kama mpya. Picha ambazo chombo cha anga cha Voyager 2 kilituma kutoka sayari ya Uranus mwaka 1986 zilifika zikiwa zimelindwa nayo. Zile alama za QR za miraba myeusi zinaitumia pia. Kwa kiwango chake cha juu, alama huweza kusomeka hata kama kiasi cha asilimia 30 kimeharibika. Kuna mkahawa Shela ambako karatasi ya QR imepigwa na jua na kumwagikiwa na sharubati mpaka pembe moja haionekani, na simu huisoma tu. Hata diski yenyewe ndani yake ina ulinzi wa aina hii kwa kila kisehemu kidogo cha baiti 512 au 4,096. Ila ulinzi huo ukizidiwa, kisehemu kizima kinakwenda, na hapo diski haina la kukufanyia.

Programu ninayotumia mimi inaitwa par2. Ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 miongoni mwa watu wa Usenet, mtandao wa zamani wa majadiliano, ambao walikuwa wakitumiana mafaili makubwa yaliyokatwa vipande, na kila mara kipande kimoja au viwili vinapotea njiani. Ni ya bure. Kwenye Linux unaiandikia amri, na kwa wa Windows kuna MultiPar, yenye vitufe vya kubofya. Kwa kanda ya saba amri ingekuwa hii:

par2 create -r10 kanda07.par2 kanda07.wav

Hiyo "r10" ndiyo asilimia 10. Usipoiambia vinginevyo, programu hukata faili katika vipande kama 2,000. Kwa kanda ya saa moja, kila kipande ni kama kilobaiti 318, chini kidogo ya sekunde mbili za sauti. Kwa asilimia 10 inatengeneza vipande 200 vya akiba. Na kipande chochote cha akiba hutibu kipande chochote kilichoharibika, sawa na ile 20 yetu isiyojali ni fungu gani limekwenda na maji.

Pia hupiga muhuri kwenye kila kipande, namba inayotokana na yaliyomo, na biti moja ikigeuka muhuri haufanani tena. Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo nilipoelewa tofauti kati ya mchwa na mnakili mbaya. Tundu la mchwa linaonekana. Unajua kabisa ni wapi neno limekosekana, kazi iliyobaki ni kulitafuta. Lakini mnakili akikosea akaandika "bandari" palipokuwa na "bahari", ukurasa ni safi, hauna tundu, nawe unasoma kosa kwa imani yote. Katika hesabu ya Reed na Solomon tofauti hii ina bei yake. Kosa usilojua liko wapi hugharimu akiba mbili: moja ya kulitafuta lilipo, moja ya kulitibu. Pengo unalolijua hugharimu moja. Mihuri ya par2 hugeuza kila kosa la siri kuwa tundu la wazi, na kwa hiyo vipande 200 vya akiba hutibu vipande 200 vilivyoharibika, si 100.

Sasa nirudi kwenye sekunde zangu tisa. Nilikaa nikapiga hesabu, na pengine ingekuwa afya zaidi nisingeipiga. Sekunde tisa hugusa vipande visivyozidi sita. Yale matundu mengine kumi, hata kila moja lingeangukia mpakani na kuharibu vipande viwili, ni ishirini. Jumla ishirini na sita. Megabaiti zisizofika tisa za akiba zingeirudisha sauti ya bibi yote. Simu yangu hupiga picha mbili za bahari zikafika hapo.

Tangu wakati huo nina utaratibu. Nikimaliza kuhamisha kitu, nakisikiliza au nakitazama chote kwanza, kwa sababu ukitengeneza akiba baada ya uharibifu utakuwa umeulinda uharibifu. Kisha natengeneza par2 siku hiyo hiyo, kabla sijanywa hata chai. Folda ikishafungwa siibadilishi. Ukifungua faili la muziki ukaongeza jina la mwimbaji ndani yake, par2 italiona kama lililoharibika, na ina haki. Na mara mbili kwa mwaka, Mfungo Mosi baada ya Idi, na Mfungo Sita kabla wageni wa Maulidi hawajaujaza mji, nachomeka diski zote na kuiambia programu ikague. Akiba ambayo haikaguliwi huachia matundu yaongezeke mpaka yaizidi, kisha haina faida tena.

Wala msije mkaacha kunakili kwa ajili ya haya. Diski ikianguka baharini pale jeti ya Mokowe, vipande 200 vya akiba vilivyokuwa ndani yake vinazama nayo. Diski yangu moja iko kwa dada Malindi, na akiba ya par2 iko kwenye diski zote mbili. Kunakili kunakukinga na wizi, moto na maji. Par2 inakukinga na ule uozo wa polepole usioonekana, ambao kunakili huueneza. Wenye harusi zao kwenye CD na DVD wana dvdisaster, programu iliyotengenezwa hasa kwa diski hizo, na naomba waitafute sasa, kwa sababu hewa yetu ya chumvi haiwasubiri.

Najua watu watasema haya ni ya maktaba kubwa. Sikubaliani nao hata kidogo. Maktaba kubwa ina wataalamu na vyumba vyenye ubaridi. Sisi tuna tenzi, hati za nyumba, rekodi za wazee waliokwisha kufa, zote ndani ya flashi inayoning'inia kwenye ufunguo wa pikipiki au kwenye kompyuta iliyo dirishani, stima ikikatika mara tatu kwa siku. Anayehitaji akiba zaidi ni nani?

Mfungo Sita uliopita nilikagua folda ya daftari la bibi. Kila ukurasa nimeupiga picha kubwa, na kurasa zote nimezitengenezea akiba ya pamoja. Programu ilipita ukurasa kwa ukurasa, ikasimama, ikatoa taarifa kwamba picha moja ina vipande viwili visivyolingana na mihuri yake. Ilikuwa picha ya ukurasa wa tanga. Nikaandika amri ya kurekebisha, nikakaa mikono ikiwa mapajani. Haikufika dakika moja. Ikakagua tena ilichokitengeneza, ikasema kila kitu kimelingana.

Ami alikuwa dukani siku hiyo, ameketi kwenye kiti cha wateja. Nikamfungulia picha, nikaivuta karibu mpaka tundu likajaa kioo cha kompyuta. Kingo za karatasi zilikuwa na manyoya madogo ya kahawia, na kwa ndani, chini kabisa, baada ya kurasa zote kumi na tatu, ilionekana herufi moja ya ukurasa wa kumi na nne, nukta yake ikiwa kamili.

"Limerudi?" akauliza.

"Limerudi, ami. Na tundu lake."

Akalitazama kwa muda. Kisha akachukua karatasi ya fotokopi mezani, akaandika kwa khati yake ya Kiarabu, neno moja chini ya jingine: likipasuka, likikatika, likianguka. Akanisukumia. "Weka yote matatu. Usichague."

Nikaipiga picha karatasi ile, nikaitia kwenye folda. Faili jipya linahitaji akiba mpya, kwa hiyo nikafuta ya zamani nikaanza upya, asilimia 10 ya kila kitu, nasi tukaenda kuswali alasiri huku mashine inahesabu.